Chuo Kikuu kilipotoka nje ya lango

Msomaji, Jumamosi moja utakuwa umejilaza sebuleni baada ya kufua nguo za wiki nzima, mara utasikia hodi. Ukifungua mlango utamkuta kijana mwenye shati safi, mkoba begani na fomu mkononi. Atakusalimu kwa adabu. "Hujambo mama, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, nafanya utafiti." Kabla hajamaliza utakuwa umeshamjibu kwamba hapa hatununui kitu, na mlango umeufunga.

Sikulaumu. Hata mimi nimewahi kumfungia mmoja mlango namna hiyo. Aliniuliza kama tunachemsha maji ya kunywa, nami nikaona ananidharau mbele ya watoto wangu. Baadaye nilikuja kujua mambo machache kuhusu fomu kama ile na watu waliokubali kuketi na kuijibu, na kusema kweli niliona haya.

Wengi wetu tuishio mjini tunakijua Chuo Kikuu kwa mambo mawili. La kwanza ni siku ya mahafali, jamaa wanapofurika kutoka mashambani kwa mabasi ya kukodi, wamebeba maua, nyimbo na vyakula. La pili ni siku ya mawe, wanachuo wanapogombana na polisi barabara ya University Way na matatu zote zikageuza njia. Kati ya siku hizo mbili, twalipita lango bila hata kugeuza shingo. Twadhani yaliyomo ndani ni ya wenyewe.

Lakini ukichunguza historia ya chuo hiki utaona jambo la ajabu kidogo. Mengi yaliyokiletea sifa duniani hayakupatikana ndani ya lango. Yalipatikana vichochoroni, kwenye kliniki za akina mama, vijijini na majukwaani, wahadhiri na wanafunzi walipotoka kwenda kwa watu. Na watu hao ndio waliolipa, wengine kwa muda wao, wengine kwa damu yao hasa.

Kwa ufupi, chuo chenyewe kilianza kupokea wanafunzi mwaka wa 1956 kikiitwa Royal Technical College. Mwaka wa 1961 kikawa Royal College, baada ya uhuru kikafungamanishwa na vyuo vya Makerere na Dar es Salaam, na mwaka wa 1970 kikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mwaka mmoja tu baadaye, yaani 1971, mwanamke aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, alitunukiwa shahada ya uzamifu hapo. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Huyo ni Wangari Maathai, na somo lake halikuwa miti. Alikuwa mtaalamu wa maumbile ya mwili wa wanyama. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyokwenda mashambani kukusanya kupe, kwa kuwa alitaka kuchunguza ugonjwa wa ndigana unaoua ng'ombe. Akiwa huko akawaona ng'ombe wamekonda hadi mbavu zinahesabika, mito imekuwa ya matope, na wanawake wakilalamika kuwa kuni zimekwenda mbali. Akang'amua kwamba adui wa ng'ombe si kupe peke yake, na kwamba ardhi yenyewe ilikuwa inakufa. Mwaka wa 1977 vuguvugu la Ukanda wa Kijani likaanza, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Chuo hakikumtendea wema siku zote. Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili agombee kiti cha ubunge. Akazuiwa kugombea, na aliporudi kuomba kazi yake akaambiwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Leo taasisi ya chuo hicho hicho iliyoko Kabete ina jina lake. Mambo hayo!

WANAWAKE WA MAJENGO

Sasa nikupeleke Majengo, Pumwani, mwendo mfupi tu kutoka soko la Gikomba. Mtaa huu ni mkongwe. Kwa miaka mingi kumekuwa na wanawake wanaopokea wanaume katika vyumba vyao vya kupanga, mchana kweupe, ili walipe kodi na karo. Magazeti yetu yaliwaita makahaba na kuishia hapo.

Mwaka wa 1980 Idara ya Maikrobiolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilikuwa ikihangaishwa na ugonjwa wa zinaa unaoleta vidonda, ikaomba msaada kwa wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Ndivyo ulivyoanza ushirikiano ambao umeishi zaidi ya miaka 40. Miaka michache baadaye, watafiti wakafungua kliniki Majengo. Waliotibiwa hapo walikuwa ni hao wanawake ambao hospitali nyingine ziliwatazama kwa jicho la kando. Daktari kijana kutoka Kanada, Frank Plummer, alihamia Nairobi mwaka wa 1984. Muuguzi Mkenya, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, ndiye aliyewafanya wanawake waiamini kliniki hiyo. Hakuwahubiria. Aliwaita kwenye baraza, akawasikiliza, wakachagua viongozi wao wenyewe wa kuwafundisha wenzao.

Mwaka wa 1985 damu ikapimwa virusi vya UKIMWI, ambavyo wakati huo wengi nchini walidhani ni shida ya Wazungu. Majibu yalitisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1986 yalionyesha kuwa kati ya wanawake wa kipato cha chini wanaofanya kazi hiyo Nairobi, asilimia 66 walikuwa tayari wameambukizwa. Hebu fikiria, msomaji, wewe uko barazani, umeketi na rafiki zako wawili kwenye benchi, na mmoja tu kati yenu watatu ndiye aliye salama.

Wengine wangekimbia. Wanawake wa Majengo walirudi kliniki. Wakajifunza kutumia mipira ya kondomu na kuwakatalia wateja wasioitaka, jambo lililowagharimu pesa kwa sababu mteja mbishi hulipa zaidi. Mwaka wa 1991 watafiti walikadiria kwamba mpango huo wa wanawake 500 hivi ulikuwa ukizuia maambukizi kati ya 6,000 na 10,000 kila mwaka. Isome tena idadi hiyo. Ni watu walionusurika, wengine wao pengine ni wazazi wa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu leo, na waliowanusuru ni wanawake ambao hakuna barabara jijini yenye jina la hata mmoja wao.

Kisha likaja jambo lililowaacha wataalamu midomo wazi. Kliniki iliwapima wanawake hao tena na tena, mwaka baada ya mwaka, na ikaonekana kuna wachache wasioambukizwa. Walikutana na virusi mara nyingi kama wenzao, labda zaidi, lakini damu yao ilibaki safi. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka wa 1996, dunia nzima iligeukia Majengo. Wanasayansi wa Oxford, Uingereza, walifanya kazi na wenzao wa Nairobi na kugundua kwamba chembe za kinga katika damu ya baadhi yao zilikuwa zimejifunza kuvitambua virusi na kuviua.

Hapo ndipo wazo la chanjo lilipopata nguvu. Chanjo ikatengenezwa kwa kulenga aina ya virusi iliyo ya kawaida nchini Kenya, ikajaribiwa Oxford mwaka wa 2000 na Nairobi mwaka wa 2001. Wakenya walijitolea kudungwa sindano, wakati ambapo hata kutajwa pamoja na neno UKIMWI kulitosha kukuvunjia uchumba. Kwa upande wa Nairobi kazi hiyo iliongozwa na Profesa Job Bwayo. Kufikia mwaka wa 2004 ilidhihirika kwamba chanjo ile haikuamsha kinga ya kutosha. Bwayo mwenyewe aliuawa na majambazi Februari 2007. Hadi leo chanjo ya UKIMWI haijapatikana.

Na wale wanawake wenye kinga? Habari yao ina kipande cha kusikitisha ambacho husahauliwa kila inaposimuliwa. Baadhi yao waliacha kazi ile kwa muda, wakaenda mashambani kupumzika au kulea. Waliporudi, kinga ilikuwa imepungua, nao wakaambukizwa. Mtu aliacha jambo lililokuwa likimhatarisha, na kule kuacha ndiko kulikompunguzia ulinzi.

NI MALI YA NANI?

Utaniuliza, wanawake hao walipata nini? Walipata matibabu ya magonjwa ya zinaa bila malipo, na waliheshimiwa, jambo ambalo si dogo. Lakini kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa ghali mno, na wengi waliotoa damu yao kwa ajili ya elimu ya dunia walizikwa kabla dawa hizo hazijafika Pumwani.

Kulizuka pia ubishi mkubwa mwaka wa 2000. Watafiti wa Nairobi walilalamika hadharani kwamba hataza ya chanjo iliombwa Uingereza bila kuwataja, ilhali maarifa yalitoka hapa. Hatimaye wakapatana, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikatambuliwa kuwa mshirika katika umiliki. Ilikuwa haki. Hata hivyo, mimi nilisoma habari zile nikajiuliza mbona hakuna aliyetaja fungu la mama wa Majengo mwenye damu yake.

Hii ndiyo sababu siku hizi utafiti wa kitabibu hauanzi kiholela. Unaofanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta lazima upitishwe na kamati yao ya maadili, na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ndiyo itoayo vibali. Kwa hivyo yule kijana akibisha hodi, usimfungie mlango, lakini usimfungulie moyo wote pia. Mwombe kibali. Mwombe akusomee karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kukataa swali moja au yote, na ya kujiondoa katikati bila mtu kukunyima matibabu. Na kuna swali moja ambalo watu husahau kuliuliza: matokeo nitaletewa lini?

Tukitoka Majengo, kuna uchunguzi mwingine ambao kila mzazi wa mjini angefaa kuujua. Kati ya mwaka 1992 na 1998, Profesa Ruth Nduati, daktari wa watoto katika Chuo Kikuu, pamoja na wenzake walikuwa na swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu. Je, mama mwenye virusi amnyonyeshe mtoto wake? Akina mama 425 wa Nairobi walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wanyonyeshe na baadhi watumie maziwa ya kopo. Walipofika umri wa miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto wa kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 20.5 ya waliopewa maziwa ya kopo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2000.

Usikimbilie dukani bado. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba vifo vya watoto katika makundi hayo mawili havikutofautiana sana, na akina mama hao walichaguliwa kwa kuwa walikuwa na maji safi ya mfereji. Katika nyumba isiyo na maji hayo, chupa yaweza kuua kuliko titi. Leo mashauri yamebadilika kwa sababu dawa zipo: mama anayemeza dawa zake sawasawa anashauriwa amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonyesha huku akimpa na vyakula vingine. Zungumza na muuguzi wako. Jambo ninalotaka ulikumbuke ni kwamba mashauri unayopewa bure kliniki yalijengwa juu ya mama fulani aliyekubali kura imwamulie kama atamnyonyesha mwanawe. Sijui kama ningekuwa na moyo huo.

Kuna pia ule utafiti wa Kisumu kuhusu tohara. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waliandikishwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois na Manitoba. Desemba 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwani ilikwisha onekana kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Serikali ikaanzisha mpango wa hiari mwaka wa 2008. Sasa hebu fikiria ugumu wake. Jamii ya Wajaluo haikuwa na mila ya tohara. Zamani alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno ya chini. Katika siasa zetu, jambo hilo lilikuwa limekwisha kufanywa tusi. Mtafiti hakuweza tu kuja na takwimu. Ilibidi aketi na wazee, aulize, asikilize, arudi tena. Sayansi ilipofika mlango wa mila, ilibidi ibishe hodi.

JUKWAA LILILOVUKA BARABARA

Na mila yenyewe, utamaduni wetu, nao ulilazimika kubisha hodi chuoni. Mwaka wa 1968 wahadhiri watatu, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kwa nini mtoto wa Afrika aanzie Uingereza ndipo afike kwao? Idara ikageuka kuwa ya Fasihi. Hadithi za nyanya na nyimbo za arusi na za kubembeleza watoto, mambo ambayo shule za kikoloni ziliyaona ya kishenzi, yakawa somo la kutahiniwa. Wanafunzi wakatumwa makwao kurekodi wazee. Mwaka wa 1974 walimu walikutana Nairobi kuzungumzia ufundishaji wa fasihi katika shule za upili. Mwanao akikulilia leo kuhusu vitendawili na ngano za fasihi simulizi, basi ajue alikoanzia kuonewa!

Katikati ya miaka ya 1970 wanachuo walianza kutembeza michezo ya kuigiza, wakifuata mfano wa Makerere, ambako wenzao walianza mwaka wa 1965. Walipanda basi na kwenda mashuleni na mijini, wakacheza bila kiingilio. Watazamaji wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga ukumbi wowote. Waliotazama mbele ya kioski walicheka pasipotarajiwa na kununa palipoandikwa kicheko, na waigizaji wakajifunza.

Mchezo uliotikisa mji ulikuwa ule wa Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngugi pamoja na Micere Githae Mugo, wote wawili wahadhiri wa chuo. Ulichezwa Oktoba 1976 katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, ule uliofunguliwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1952, mkabala na hoteli ya Norfolk na hatua chache tu kutoka chuoni. Kupata nafasi hapo kulikuwa vita, kwa kuwa siku nyingi zilikuwa zimekwisha tengewa vikundi vya Wazungu. Hatimaye walipewa siku chache. Usiku wa kwanza, mchezo ulipokwisha, watazamaji waliwafuata waigizaji wakiimba na kucheza hadi nje ya ukumbi.

Gharama yake mwaijua. Ngugi aliwekwa kizuizini Desemba 1977, baada ya kushirikiana na wanakijiji wa Kamirithu katika mchezo mwingine wa Kikikuyu. Micere, aliyekuwa mkuu wa kitivo, alilazimika kuikimbia nchi mwaka wa 1982. Mwaka huo, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, chuo kizima kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Micere alifariki Juni 2023, na Ngugi Mei 2025, wote ng'ambo. Plummer, yule daktari wa Majengo, alirudi Nairobi Februari 2020 kwa sherehe za miaka 40 ya ushirikiano ule, na mauti yakamkuta hapa hapa.

Ukumbi ule ulikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2015. Mwanafunzi anayesoma makala haya, ukiwa na alasiri moja tupu, achana na simu uvuke barabara. Katika kampasi kuu kuna Taifa Hall, ambako hutolewa mihadhara ya wazi kwa umma, na kuna ukumbi uitwao Education Theatre II, ambako wanachuo hujifunza uigizaji mbele ya watu. Tazama mabango yaliyobandikwa ukutani na kwenye miti. Ndiyo ratiba ya kuaminika kuliko zote. Mwingine anacheza vibaya, taa zinazimika katikati, mfalme anasahau maneno yake na mtu wa nyuma anamnong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha mwisho.

Nenda na watoto. Na askari wa lango akikuuliza unakwenda wapi, mwambie unakwenda kutazama mchezo, uonyeshe kitambulisho, uingie.